Mtu Aliyefungua Gari la Jela

Malindi, Unguja
14 Agosti 1956

Kwa mwanangu Msabah bin Matar, ua la nyumba yangu, aliyeko Kampala kwenye chuo kikubwa.

Salamu zangu zikukute umeshiba na umelala vizuri. Mimi mzima, goti tu linanisema nikipanda ngazi. Barua yako nliipata Ijumaa dukani kwa Mmanga. Alinipa kwa mikono miwili mbele ya wateja. Nikamwambia, "Usione bahasha tu, Mmanga. Humo mna maswali ya tarehe, ya mambo yaliyopita, ambayo walimu wa hapa hawawezi kuyajibu." Akasema, "Wewe utayaweza, Bi Mwanaasha?" Nikamwambia, "Ndiyo maana nimeandikiwa mimi."

Umesema unataka kuandika insha ndefu juu ya Vita vya Ng'ombe vya kwetu Kiembe Samaki, vya mwaka wa hamsini na moja. Serikali iliamuru nini, na watu walikataa nini. Basi nikavaa buibui langu jipya nikapanda gari la shamba mpaka kwa mjomba wako Silima. Nimekaa siku tatu. Madarasa manne niliyosoma leo yamepata kazi. Nnaandika kama alivyosema.

Anasema: "Watu wa mjini wanatucheka ati tuliogopa sindano. Nani aliogopa sindano? Watoto wetu tuliwapeleka wenyewe kuchanjwa ndui. Lakini tazama yalivyofuatana. Kwanza walikuja wenye minyororo ya kupimia ardhi, tukaambiwa hapa patakuwa kiwanja cha ndege, ondokeni. Halafu wakaja wenye madaftari, wakahesabu ng'ombe. Halafu ndio wakaja wenye sindano, ati dawa ya kimeta. Mtu aliyechukua shamba lako jana, leo anamhesabu ng'ombe wako, utasema amekuja kumtibu?" Ng'ombe wake mweupe alichomwa, akafa siku ya nne. "Labda alikufa kwa lingine," anasema. "Niliuliza. Hakuna aliyenijibu."

Waliokataa wakapelekwa kortini, wakahukumiwa, wakapakiwa kwenye gari la jela, na watu wakalizuia gari njiani. Sasa sikiliza, mwanangu. Aliyefungua komeo la gari lile ni mtu wa damu yetu. Hakukamatwa mpaka leo. Alikwenda Mkokotoni, akavuka Tumbatu, akakaa huko miezi saba. Jina silitii kwenye karatasi, mimi si mjinga. Jua tu kwamba ukoo wako si wa watu wa kusimama pembeni.

Baadaye siku ile askari walipiga risasi. Mjomba wako akifika hapo huinuka kwenda kuwatazama ng'ombe. Kasema neno moja tu, kwamba alimbeba rafiki yake Borafya mgongoni, na alipomshusha alikuwa ameshakufa.

Kula vizuri. Usiwaazime wenzako koti.

Mamako akuonaye mbele ya macho kila saa,
Mwanaasha binti Jaku


Kampala
2 Septemba 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tano nikamfasiria mwalimu wangu. Akainuka kitini, akasema, "Mama yako angekaa kwenye kiti changu hiki."

Nikueleze kwa nini. Kuna taarifa moja ya serikali juu ya vita vile, nimeisoma yote. Neno la ujinga wa watu limo karibu kila ukurasa. Mashamba yaliyochukuliwa yametajwa mara moja, tena chini kabisa kwa herufi ndogo. Kila jambo limeandikwa peke yake: kiwanja huku, chanjo kule. Mjomba ametupa kisichomo humo, yaani mfuatano wake. Kwanza kupima, halafu kuhesabu, halafu sindano. Hiyo ndiyo insha yangu yote, mama.

Lakini nina swali moja kubwa. Taarifa inadai kwamba wakulima walichochewa na watu wa mjini, na kwamba lile gari la jela lilifunguliwa kwa mpango. Umeniandikia kwamba aliyelifungua ni mtu wa damu yetu, yu hai, na alijificha Tumbatu. Jina lake silitaki. Nataka kujua tu: alitumwa na mtu, au aliona komeo akalifungua? Kama ni hilo la pili, hoja yao yote inaanguka.

Insha yangu nitaitoa mwisho wa Februari. Ikikubaliwa, mwalimu anasema nitaendelea na masomo ya juu.

Mwanao,
Msabah


Malindi
20 Septemba 1956

Mwanangu Msabah, mwenye kiti cha mwalimu,

Salamu kutoka kwa mama wa profesa, ndivyo wanavyoniita hapa sasa, na mimi sikatai.

Nlirudi shamba na swali lako. Mjomba wako alicheka mpaka akakohoa. "Atumwe na nani? Huyo mtu alikuwa amesimama nyuma ya gari, komeo liko usawa wa kifua chake, na ndani anasikia sauti ya jirani yake anaomba maji. Akalivuta. Lilikuwa zito, lina kutu upande wa kushoto." Nikamuuliza, "Kaka, huyo mtu kakwambia mpaka kutu?" Akaniambia, "Andika, usiulize." Basi nimeandika.

Sasa habari zangu. Harusi ya binti wa Kazija ilikuwa Jumapili. Tulipokuwa tunasubiri bibi harusi atolewe, wanawake wakasema, "Bi Mwanaasha, barua ya mwanao unatubania?" Nlikuwa nayo kwenye pochi, kwa bahati tu. Nikaisoma yote, mpaka pale pa mama yako angekaa kwenye kiti changu, nikapasoma mara mbili. Bi Sichana, mke wa Bwana Bakar karani wa afisi kubwa, akalia machozi. Juzi Bwana Bakar mwenyewe kaja na halua. Kasema bwana mkubwa wake Mzungu hajapata kuona kijana wa Unguja anayeandika hivyo, angependa kuziona barua zako. Nimempa zote mbili. Wewe unajua kwetu barua ya msafiri ni ya mtaa mzima, aliyeificha huambiwa ana jambo. Na mimi kuringa naringa, lakini kwa wazi.

Utaona, utapewa cheo kabla hujamaliza kusoma.

Mamako,
Mwanaasha binti Jaku


Kampala
9 Oktoba 1956

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka niwahi posta. Nenda leo kwa Bwana Bakar uzichukue barua zangu. Mwambie nimezitaka mimi kwa ajili ya masomo. Usimwonyeshe mtu mwingine, na usimsomee mtu hii. Nijulishe zikirudi.

Msabah


Malindi
25 Oktoba 1956

Mwanangu Msabah,

Salamu nyingi. Barua zako zimerudi, zimo sandukuni, usiwe na wasiwasi.

Maulidi yamepita salama. Bwana Bakar siku hizi anatufaa sana. Barua zako anazichukua yeye kwa Mmanga na kuniletea mpaka mlangoni, ili goti langu lipumzike, na zangu anazipeleka posta yeye.

Nimefikiri, mwanangu, hiyo insha ya ng'ombe ina faida gani? Mambo ya shamba yale, ya watu wasiosoma. Kwa nini usiandike habari za karafuu? Karafuu ni jambo zuri, kila mtu anazipenda, na serikali ina vitabu vyake tele. Mjomba wako ni mzee sasa, anachanganya maneno.

Mamako,
Mwanaasha


Kampala
12 Novemba 1956

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikaa kifuani kama jiwe.

Watu wasiosoma, unasema. Ni kaka yako huyo, mama. Ni nyumba uliyozaliwa. Alipokuwa akituletea mihogo na maziwa baba alipokufa, hakuwa anachanganya maneno. Umekaa Malindi miaka ishirini na miwili, umepata marafiki walio wake za makarani, na sasa unaona haya kwamba mwanao anaandika juu ya watu wa ng'ombe. Karafuu! Kwa sababu karafuu zinanukia na ng'ombe hawanukii?

Sitabadilisha. Nimeshaandika kurasa arubaini. Nilidhani utakuwa wa kwanza kujivunia.

Msabah


Malindi
28 Novemba 1956
Kwa mkono wa Mkadam

Msabah, mwanangu,

Hii nimempa Mkadam, yule rafiki wa mjomba wako, mkononi. Anakwenda Mombasa kumuoza bintiye, ataitia posta huko. Isome peke yako, kisha ichome.

Bakar hakutaka kuona unavyoandika. Alirudi baada ya siku tatu, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, akaniambia kwa sauti ya upole kama anamposa mtu: "Bi Mwanaasha, mtoto wako anasomeshwa na serikali. Serikali ikimsomesha mtu hupenda kujua anasoma nini." Kisha akafungua barua yako pale ulipouliza habari za mtu wa damu yetu. "Jina moja tu, Bi Mwanaasha. Sikuombi kitu kingine. Mtoto atamaliza masomo, na mimi nitakuwa mtu wako." Nikamuuliza, "Na nisipokuwa nalo hilo jina?" Akasema, "Basi mtoto atarudi nyumbani mwakani, atakusaidia kushona kofia."

Kanipa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Barua zetu anazisoma, zinazokwenda na zinazokuja. Ile ya karafuu aliisubiri nikiiandika.

Wewe ushaelewa jina ni la nani. Kutu ya upande wa kushoto, nani mwingine angeiona? Na mjomba wako siwezi kumwambia haya, kwa sababu unamjua. Tulipokuwa wadogo alivunja mtungi wa mama, nikasema nimeuvunja mimi. Yeye akatoka uani akaenda kusema mwenyewe, tukapigwa sote wawili. Akisikia kwamba wewe unafukuzwa kwa ajili yake, kabla ya adhuhuri atakuwa kituo cha polisi, kavaa kanzu yake ya Idi.

Nikisema, nimemuuza kaka yangu. Nikinyamaza, nimekukata mguu wewe. Nikimwambia yeye, nimemuuza vilevile. Nimekaa na hii kazi ya kofia mkononi siku kumi, ua moja silimalizi.

Ulisema naona haya. Sikuona haya, mwanangu. Nliona fahari nikaisomea harusi nzima, na hilo ndilo kosa langu, silo jingine.

Usinijibu haya. Nijibu ya karafuu.

Mamako


Kampala
16 Desemba 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nakuomba radhi kwa barua yangu ya mwezi uliopita. Ilikuwa ya mtu asiyejua anachosema. Niombee kwa Mungu, na wewe nisamehe kwa kinywa chako.

Nimeufuata ushauri wako. Ile kazi ya kwanza nimeiacha, nasoma habari za karafuu. Mwalimu wangu ameuliza kwa nini. Nimemwambia mama yangu anazipenda. Amenitazama juu ya miwani yake, hakuuliza tena.

Nasoma namna zinavyochumwa, zinavyoanikwa, na namna mvua inavyoziharibu zikiwa kwenye majamvi. Naona ni jambo lenye manufaa.

Msalimie Bwana Bakar.

Mwanao akuhurumiaye,
Msabah


Malindi
3 Januari 1957

Mwanangu Msabah,

Barua hii naiandika mbele ya Bwana Bakar, naye anakunywa kahawa yangu, kikombe cha tatu hiki. Kaniruhusu nikueleze mwenyewe.

Mwanangu, nisamehe. Habari zote za Vita vya Ng'ombe nilizokuandikia nilizitunga. Wewe uliuliza, nami nliona haya kusema sijui, basi nikajaza karatasi. Hakuna mtu wa damu yetu aliyefungua gari. Mjomba wako Silima siku ile alikuwa kitandani ana homa, hakuona gari wala komeo. Ya Tumbatu niliyasikia kisimani. Ya yule maiti aliyebebwa mgongoni nayo ni yangu.

Bwana Bakar hakuniamini kwanza, akaita majirani watatu. Akawauliza, "Bi Mwanaasha ni msema kweli?" Wakatazamana. Kazija akasema, "Bwana, huyu akinunua dagaa hutuambia kanunua nguru." Mmanga akasema kwamba miaka kumi nimemwambia marehemu mume wangu alikuwa nahodha, naye anajua alikuwa mpishi wa chombo. Bi Sichana, mke wa Bwana Bakar mwenyewe, akasema nilimwambia Mzungu wa Kampala amenipa kiti chake. Wakacheka mpaka machozi. Mimi nami nikacheka. Wameniosha, Msabah, kila mmoja kaja na lake, hakuna aliyekosa.

Bwana Bakar kaandika karatasi kwamba mimi ni mtu wa kutunga maneno na kwamba niliyosema hayana asili. Alitaka nitie kidole. Nikamwambia, "Kidole wanatia wasiosoma." Nimetia saini, jina langu na la baba yangu. Karatasi moja itakwenda chuoni kwako, ili usibaki na uongo wangu kwenye madaftari. Moja imekwenda kwa sheha wa Kiembe Samaki, isomwe mbele ya watu, wajue jambo limekwisha.

Soma kwa bidii. Serikali imesema utamaliza.

Mamako, msema uongo,
Mwanaasha binti Jaku


Kiembe Samaki
2 Februari 1957
Kwa mkono wa Mkadam

Kwa mpwa wangu Msabah bin Matar,

Haya ni maneno ya mjomba wako Silima bin Jaku. Anayeandika ni Maalim Usi wa chuo chetu cha Kurani, mimi kalamu sijui.

Tuliitwa kwa sheha baada ya sala ya Ijumaa. Ikasomwa karatasi ya dada yangu. Nimesikia kwa masikio yangu, mbele ya watu niliolima nao, kwamba nilikuwa kitandani na homa. Nimesikia kwamba Borafya sikumbeba, ni maneno yametungwa. Mama yake Borafya alikuwa amekaa upande wa wanawake. Aliinuka akatoka.

Nilitaka kusema palepale. Sheha akanishika mkono, akasema, "Silima, nyamaza, unapewa neema usiyoijua." Neema gani ya kuitwa mgonjwa?

Dada yangu tangu utotoni akipenda kusifiwa husema lolote. Sasa kapata mabwana wa afisini, anataka kuwapendeza. Hilo ni lake na Mungu wake. Wewe nilikupa kweli, nikakwambia iandike. Iandike. Andika: mlango niliufungua mimi, Silima bin Jaku, wala sikutumwa na mtu. Andika Borafya bin Nahodha alikufa mgongoni kwangu, njiani, kabla hatujafika kivulini. Nimetia kidole hapa chini, na Maalim ni shahidi. Karatasi hii ipeleke kwa mwalimu wako. Na kama wewe hutaki, nitakwenda mwenyewe afisini kwao nikawaambie.

Nangoja neno lako.

Silima bin Jaku, kidole chake


Kampala
24 Februari 1957

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi yako imefika. Sikuipeleka kwa mwalimu.

Chuo kimepata karatasi ya mama na kimeikubali, na mimi nimeikubali. Mwalimu amesema habari ambayo shahidi wake ameikana haiwezi kuwa tarehe. Nimeshaandika insha nyingine, ya karafuu, nimeitoa jana.

Nakuomba usiende afisini. Ukienda wataniuliza mimi, na mimi nitawajibu kwamba ulikuwa na homa, na kwamba wewe ni mzee unayechanganya maneno. Nitasema hivyo kwa maandishi. Basi kutakuwa na watu wawili wa nyumba yako dhidi yako, na Maalim Usi peke yake upande wako. Sidhani utapenda jambo hilo lisomwe kwa sheha mara ya pili.

Ng'ombe wako wazima? Natumaini mvua zitakuwa nzuri.

Mpwa wako,
Msabah bin Matar


Malindi
20 Machi 1957

Mwanangu Msabah,

Salamu zangu zikufikie. Goti ni lile lile.

Nimepata habari kwamba insha ya karafuu imekuwa ya pili katika chuo chote na kwamba utaendelea na masomo ya juu. Nlimwambia Mmanga tu. Mmanga akasema, "Ya pili, au ya thelathini, Bi Mwanaasha?" Wateja wakacheka. Nlikuwa na barua kwenye pochi, lakini sikuitoa. Wanawake nao wananiambia soma, kwa kunichezea. Nikisoma, ni ya mvua na majamvi, wanapiga miayo. Bwana Bakar haji tena, kahawa yangu imepumzika.

Jumatatu nlipika wali wa nazi na kuku, nikafunika sahani ya maua, ile tuliyopewa na mama mimi na Silima, nikampa mtu wa gari la shamba ampelekee kaka. Imerudi jioni. Kitambaa kimefungwa kwa fundo langu lile lile. Nimefungua, wali uko kama nlivyoupakua, hata kijiko hakikuguswa.

Nlimuuliza mtu wa gari, "Hakusema kitu?" Akasema, "Hakusema. Alikuwa bandani anakamua, akatazama sahani, akaendelea kukamua." Nikamuuliza, "Kavaa nini?" Akanitazama kama mwenda wazimu. "Kavaa shuka ya kazi, bibi. Yuko kwake, anakamua ng'ombe wake. Ulitaka awe wapi?"

Kesho nitampikia tena.

Mamako,
Mwanaasha binti Jaku